Siku Niliyotupa Maji ya Kunywa Ziwani

Wiki jana mjukuu wangu Minza alinipigia simu kutoka Lamadi. Ameanza kazi kwenye mtumbwi wa kukusanya samaki, kazi ileile niliyoifanya mimi mpaka magoti yakagoma. Nikamwuliza, "Leo umepakia nini?" Akanitajia: barafu, petroli, mizani, spika ya muziki. Nikasubiri aendelee. Hakuendelea. Spika, jamani! Nilikata simu kwa hasira, halafu nikampigia tena mimi mwenyewe, nikasema mpaka salio likaisha.

Yaliyobaki nayaandika hapa, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wote mnaoanza kazi mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Niko Bariadi sasa, nalima mahindi kidogo na kugombana na kuku. Muda ninao. Wanaonikumbuka kule ziwani waliniita Mama Kwandu, mpanga mzigo. Kazi yangu ilikuwa kuamua nini kinaingia mtumbwini, kinakaa wapi, na kikilazimika kutoka, kitoke kipi kwanza. Hilo la mwisho nililifanya vibaya mara moja tu, na nusura mtu afe kwa sababu yangu.

Lakini ngojeni kwanza niwaambie nilikotoka, maana kosa lenyewe lilitoka huko.

Nilizaliwa Lingeka, Meatu, nchi ya pamba na ng'ombe. Kiangazi tulichimba mchanga wa mto mkavu tukisubiri maji yajikusanye shimoni kikombe kwa kikombe, na ng'ombe wamesimama nyuma yetu wakitupumulia shingoni. Nilipoolewa Mkula na kuliona ziwa kwa mara ya kwanza, nilikaa chini. Maji yote yale, na hakuna aliyepanga foleni! Nikasema moyoni, huku mtu hawezi kuona kiu maisha yake yote. Mkumbuke maneno hayo, kwa sababu niliyaamini kwa miaka mingi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa nahodha wangu, Mzee Makoye. Alikuwa mfupi, mkali, ana sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Wakati ule masanduku haya ya kuhifadhi ubaridi hayakuwepo. Barafu tuliifukia kwenye pumba za mpunga na magunia, tukaomba Mungu. Wiki yangu ya kwanza pumba ziliisha, nami nikajiona mjanja. Nyumbani kulikuwa na pamba chafu iliyokataliwa, nikaibeba gunia zima nikaizungushia barafu. Barafu ilikaa vizuri ajabu. Ila tulipowatoa sangara kule mwaloni, kila mmoja alikuwa na ndevu nyeupe kama mzee wa kanisa. Wanunuzi walicheka mpaka wakaketi. Mzee Makoye hakucheka. Alinipa ndoo na brashi, nikawanyoa samaki mmoja mmoja mpaka alasiri.

Mafunzo yake yalikuwa ya namna hiyo. Kila asubuhi kabla ya kuondoka aliniambia, "Mayu," yaani mama kwetu Wasukuma, "funga macho. Nipe kopo." Kopo ni lile la kukumbia maji yanayoingia mtumbwini. Napapasa, nampa. "Nipe kasia. Nipe kamba." Nikichelewa tunapakua mzigo wote na kuanza upya. Nilimchukia, nawaambia ukweli. Baadaye nilielewa kwamba mawimbi yakianza hakuna anayeona kitu, na kitu usichoweza kukifikia hakipo.

Kanuni yake nyingine ilikuwa ya barafu. Barafu haiguswi mpaka samaki afike. Usifungue kifuniko kuangalia, usichukue kipande cha kutia kwenye soda, usiikalie. Kila ukifungua unaingiza joto, na joto linakula kazi ya watu kumi. Nilimwona akimfukuza mtu mzima mtumbwini kwa sababu ya kipande cha barafu kisichozidi kiganja. Hata masanduku ya kisasa yalipokuja, kanuni ilibaki. Ilinikaa kichwani mpaka nikaacha kuihesabu barafu kama mzigo. Niliiona kama sehemu ya mtumbwi.

Sasa niwaeleze siku yenyewe.

Tuliondoka Lamadi asubuhi tukiwa watatu: Mzee Makoye kwenye injini, mimi kwenye mzigo, na Shija, mwakilishi wa wakala wa samaki, kazi yake kulinda barafu na mizani. Shija alikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne, mpole, mwoga wa bosi wake kuliko wa mawimbi. Samaki hatukuwa nao bado. Tulikuwa na sanduku limejaa barafu safi, madumu mawili ya maji ya kunywa niliyoyachemsha mwenyewe, sanduku la spana, turubai, sufuria, na kapu langu la chakula. Jaketi okozi zilikuwa mbili kwa watu watatu. Msinipigie kelele, najua.

Mchana upepo uligeuka ghafla. Wengi wenu mmeshauona: upande mmoja wa ziwa unakuwa mweusi, halafu unasikia baridi mgongoni kabla hujaona wimbi. Maji yakaanza kuingia ubavuni. Shija akashika kopo akakumba kama mwendawazimu. Mzee Makoye akapiga kelele bila kugeuka, "Mama Kwandu! Punguza uzito!"

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na nilikuwa na muda wa kupumua mara tatu hivi. Niliangalia mzigo. Kizito kuliko vyote kilikuwa barafu. Sikuiona. Naapa sikuiona, ingawa nilikuwa nimeiegemea. Nikaona madumu ya maji, nikasema, maji yamejaa kila mahali, haya ya nini? Nikayatupa. Nikaona sanduku la spana, chuma tupu, nikalitupa pia. Mtumbwi ukainuka kidogo, mawimbi yakapita chini yetu, na kabla jasho halijakauka upepo ukaanza kutulia. Nilijisikia shujaa.

Ushujaa wangu haukufika mbali. Upepo ulikuwa umelisukuma rundo la magugumaji hadi njiani kwetu, tukaliingia kwa kasi. Injini ikanguruma juu lakini mtumbwi haukwenda. Pini inayoshikilia pangaboi la injini ilikuwa imekatika. Ni kitu kidogo, urefu wa kidole cha mtoto. Ukiwa na pini nyingine na koleo, unamaliza kabla chai haijapoa.

Mzee Makoye alinyoosha mkono nyuma bila kuangalia, kama kawaida yetu. "Nipe sanduku la spana."

Sikuwa na la kumpa.

"Nimelitupa, baba."

Aligeuka akaniangalia. Nilitamani anitukane. Alisema tu, "Na maji?"

"Na maji."

Akashusha pumzi, akachukua kasia lililokuwepo, akaanza kupiga. Kasia moja, mtumbwi mpana, na upepo mdogo unaotupeleka katikati ya ziwa. Alasiri nzima milima ya upande wetu ilizidi kuwa midogo. Simu ya Shija ilikuwa imelowa, ya kwangu ilikuwa nyumbani inachajiwa.

Hapo ziwa likatulia kabisa, na maji yakawa ya kijani. Nayo mnayajua, ule utando unaoelea kama rangi iliyomwagika, unanuka majani yaliyooza. Mzee Makoye alikuwa ametoka jasho kwa kupiga kasia, akachovya kopo. Nikamwambia, "Baba, maji haya si mazuri." Akajibu, "Nimeyanywa tangu nina meno ya utoto." Akanywa kopo zima, akaongeza.

Jua lilipozama alikuwa ameshaanza kutapika. Usiku ule nauruka, mtanisamehe. Kulipokucha alikuwa hawezi kukaa. Kila kilichokuwemo mwilini kilikuwa kimetoka, juu na chini, na chai yote iliyokuwa imebaki kwenye chupa tulimpa yeye, nayo ikarudi. Macho yalikuwa yameingia ndani. Nilivuta ngozi ya mkono wake kwa vidole, ikabaki imesimama. Kwetu tukiona hivyo kwa ndama, tunajua hana siku mbili.

Nilimfunika kwa turubai apate kivuli, nikakaa kichwani pake. Niliogopa, vijana wangu. Na zaidi ya hofu niliona aibu, kwa sababu mtu aliyenifundisha kazi alikuwa anakauka kwa sababu ya kazi yangu. Ziwa zima lilituzunguka, na mimi mtoto wa Lingeka ndiye niliyetupa maji ya kunywa. Nikaegemea sanduku kwa uchovu. Mgongo ukahisi baridi.

Nikageuka nikashika komeo la kifuniko.

"Mama Kwandu, unafanya nini?" Shija akauliza.

"Nafungua."

"Ukifungua barafu yote imekwisha. Hiyo ni ya samaki. Samaki tutawawekea nini?"

"Samaki gani, Shija? Wako wapi?"

Akaangalia huku na huku kwa dhati kabisa, kana kwamba wangeweza kutokea. Msimcheke. Sisi watatu tulikuwa tumekaa juu ya maji masafi tangu jana, na hakuna hata mmoja aliyeyaona, kwa sababu tulishafundishwa kwamba si yetu.

Na mkaidi kuliko wote alikuwa yule aliyekuwa anakufa. Kutoka chini ya turubai ikatoka sauti nyembamba. "Yaya. Hapana. Barafu haiguswi mpaka samaki afike. Nani alikufundisha?"

"Wewe, baba."

"Basi acha."

Machozi yalinitoka na hasira zikanipanda kwa pamoja. Nikamwambia, "Samaki ameshafika, baba. Leo samaki ni wewe." Nikavuta komeo.

Shija akasogea, akanisaidia kuinua kifuniko, kwa kuwa kilikuwa kizito. Nimemheshimu mpaka leo kwa jambo hilo.

Tulichukua mapande ya juu, ambayo hayakuwa yamegusa ubao wowote. Tukayaweka kwenye sufuria juani. Shija alikuwa na chupa tupu ya maji ya lita moja, aliyoyanywa njiani jana. Kapu langu, ambalo halikutupwa kwa sababu lilikuwa jepesi, lilikuwa na unga, matobolwa, majani ya chai, sukari na chumvi. Nilikumbuka tulivyofundishwa kliniki wakati mwanangu anaharisha, nanyi lishikeni kichwani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visiwe na mlima. Ukizidisha chumvi unamwumiza. Tukatikisa chupa, tukaanza kumpa kijiko kimoja, tunangoja kidogo, kijiko kingine. Mgonjwa wa namna hiyo ukimpa kikombe kizima anatapika chote na unarudi ulikoanzia.

Cha kwanza alikitema. Alikuwa bado amekasirikia barafu. Cha pili kilikaa.

Tulifanya hivyo asubuhi nzima, tukipokezana. Mmoja analisha, mwingine anakumba maji na kuangalia upeo. Sisi wenyewe tulikunywa yaliyoyeyuka na kutafuna matobolwa. Wenye bibi wa Kisukuma mnayajua, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, havihitaji moto wala sufuria. Unga wangu kilo mbili ulikaa pale bila faida, maana ugali bila moto ni vumbi tu. Tangu siku hiyo chakula cha dharura mtumbwini kwangu kikawa matobolwa, na kilikaa nyuma kabisa ya mstari wa vitu vya kuokoa. Mtu mzima mwenye kivuli na maji atastahimili siku kadhaa bila kula. Bila maji, kwa jua lile na tumbo lile, Mzee Makoye asingemaliza siku.

Hebu niliseme hapa hapa jambo la mstari, kwa kuwa Minza aliniuliza kwenye simu, "Bibi, sasa kipi kwanza?" Kwanza kabisa ni kile kinachofanya mtumbwi uendelee kuelea na mtu aendelee kuelea: kopo, kasia, jaketi okozi moja kwa kila kichwa. Hivyo havitupwi hata mtumbwi ukisimama wima. Kinafuata kinachoweza kukurudisha nyumbani, yaani pini za akiba na koleo, na hivyo nilikuja kuvishona kwenye mkanda wa kiuno changu, visiwe tena kwenye sanduku la mtu yeyote. Kisha kivuli na kitu kikavu cha kujifunika. Maji safi nayaweka hapo hapo na kivuli, sijui kipi kitangulie, msinibane. Halafu kitu cha kukufanya uonekane, ambapo ninyi mna bahati ya simu na taa za sola, ila muifunge simu kwenye chombo kisichoingiza maji na iwe na chaji. Siku hizi hata taarifa za upepo mnatumiwa kabla hamjavaa viatu. Zisomeni! Chakula, mwisho. Na vya kutupa vianze vizito visivyookoa mtu. Barafu yenyewe, kama mna maji mengine, itupeni bila kumwomba mtu radhi. Kuhusu spika sisemi tena, nina presha.

Turudi mtumbwini. Kuonekana kwetu kulikuwa mfuniko wa sufuria na kitenge changu chekundu. Shija alikifunga kitenge kwenye kasia akaliinua, mimi nikawa naupepesa mfuniko juani kuelekea kule milima ilikokuwa. Mkono ukichoka nabadilisha. Saa zikaenda. Mzee Makoye aliacha kutapika kama saa saba mchana, akalala. Nilikuwa naweka kiganja mbele ya pua yake kila mara, kuhakikisha. Wakati mwingine pumzi ilikuwa ndogo sana nikahisi ni upepo.

Mara moja alifumbua macho. Nikaona ndiyo nafasi yangu, nikasema, "Baba, nisamehe. Nilitupa vitu ambavyo sikupaswa kutupa."

Akafikiri. "Uliambiwa upunguze uzito. Ukapunguza. Hatukuzama." Akafumba tena. "Kingine utajifunza kesho."

Alisema kesho. Nililishika neno hilo kwa mikono miwili, nikaendelea na kijiko.

Jua likiwa limeanza kulegea, Shija akapiga yowe. Watu wa dagaa walikuwa wanatoka, mitumbwi mitatu ikifuatana, na mmoja ulikuwa umegeuza kichwa kuja kwetu. Walikuwa wameona mwanga wa mfuniko tangu mbali wakadhani ni mtu anachezea kioo, mpaka walipoona na kitenge.

Mtumbwi ukatukaribia, kijana wa mbele amesimama na kamba mkononi. Akatutazama: mimi nimevimba macho, Shija midomo imepasuka, na katikati yetu mtu amelazwa, amefunikwa turubai kutoka kichwani mpaka miguuni. Jua lilikuwa limehama, nami nilikuwa nimemfunika mpaka uso. Yule kijana akavua kofia. Wenzake nao wakavua, wakazima injini. Ziwani ukikutana na mtumbwi unaobeba maiti ndivyo inavyofanyika.

"Mwadila, mayu," akaniamkia kwa sauti ya chini. "Mwadila, kaka. Poleni sana. Poleni kwa msiba."

Alipotamka neno msiba nilishindwa kugeuka kuangalia. Nilikuwa sijaweka kiganja kwa muda, tangu Shija alipopiga yowe, na ghafla sikuwa na uhakika wa kitu chochote. Mkono ulibaki hewani na mfuniko ndani yake.

Turubai likasogea.

Kidole kimoja kikatokea, kikakunja ukingo, na jicho moja likachungulia nje, jekundu, limekasirika.

"Nyinyi watoto wa nani," Mzee Makoye akauliza, "mnaowaamkia watu wawili na kumruka mzee?"

Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, Shija ndiye ajuaye. Yule kijana aliduwaa na kofia kifuani. Kisha akapiga goti palepale ndani ya mtumbwi wake, akaanza salamu upya kwa ukamilifu, akiuliza hali ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe, na mzee akamwitikia yote bila kuruka hata moja.